Niliyojifunza kwa Kujenga Vyumba vya Wanafunzi Karibu na Chuo Kikuu, Kakamega

Katika muda wa mwezi mmoja watu wawili wamefika nyumbani kwangu na swali lile lile. Wa kwanza ni mwalimu mwenzangu aliyestaafu majuzi na ambaye kiinua mgongo chake kimeshaingia benki. Wa pili ni kijana anayefanya kazi Nairobi, ambaye mamake ana kishamba upande wa Lurambi, hapa hapa Kakamega. Wote wawili wanataka kujenga vyumba vya kupangisha wanafunzi, na wote waliniambia maneno niliyoyasema mimi mwenyewe mwaka 2015: chuo kipo, wanafunzi wapo, pesa haziwezi kukosa. Tulikunywa chai, tukazungumza hadi giza likaingia, kisha nikaona heri niyaandike, kwa kuwa mengi yaliyonigharimu yangeepukika iwapo mtu aliyetangulia angeniketisha chini akanieleza.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Mwaka 1972, chuo kilipoanzishwa kwa harambee, wenyewe tukikiita WECO, kifupi cha Western College, nilikuwa msichana wa miaka 17. Ari ile ilikuwa imeenea nchini. Kisumu nako majirani zetu walikuwa wakichangia chuo chao cha Ramogi. Baba yangu, aliyekuwa mkulima wa mahindi na miwa kidogo, alitoa gunia moja la mahindi na shilingi 20, akapewa risiti ambayo aliihifadhi ndani ya Biblia hadi alipofariki. Kila tulipopita barabara ya Webuye alikuwa akikinyoshea chuo mkono na kusema, "Kile ni chetu." Mwaka 2002 WECO ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili cha sayansi na teknolojia, kikapewa jina la Masinde Muliro, mwanasiasa aliyeheshimika sana huku kwetu na aliyefariki mwaka 1992. Nayaeleza haya kwa sababu kosa langu la kwanza, ambalo ndilo mama wa makosa yaliyofuata, lilikuwa kusahau maneno ya baba. Nilifundisha shule za msingi kwa miaka zaidi ya 30, nikipita kando ya ua wa chuo kile karibu kila siku, lakini sikuwahi kuingia langoni kuuliza kinafanya nini, kinapokea akina nani wala fedha zake zinatoka wapi. Nilikichukulia kama mto unaopita nyuma ya nyumba: maji yapo, kazi yangu ni kuteka.

Nilipostaafu nikiwa na miaka 60, marehemu mume wangu alikuwa ameniachia ploti ya futi 50 kwa 100, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka chuoni. Nilipata malipo ya mkupuo ya shilingi milioni 1.6, nikakopa milioni 1.6 nyingine za kulipwa kwa miaka mitano kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na nikajenga vyumba 16 vya matofali vyenye bafu na vyoo vya pamoja. Hesabu niliifanya nyuma ya kalenda ya ukutani. Vyumba 16 kwa shilingi 3,500 kila kimoja ni shilingi 56,000 kwa mwezi, na kwa miezi 12 ni shilingi 672,000. Mkopo ulinidai takriban shilingi 40,600 kwa mwezi, yaani kama 487,000 kwa mwaka. Nilipotoa hizi katika zile, nikaona nitabakiwa na shilingi 185,000 za kula bila jasho, nikamshukuru Mungu.

Kila anayetaka kujenga karibu na chuo na aitazame hesabu ile na atafute mahali ilipovunjika. Mwanafunzi hakai miezi 12. Anakuja muhula ukifunguliwa, anarudi kwao ukifungwa, na mwaka wa tatu anaweza kwenda mafunzo ya nyanjani Eldoret au Mombasa akaacha chumba wazi. Katika mwaka mzuri nilipokea kodi ya miezi minane, nayo ni shilingi 448,000, kiasi kisichotosha hata kulipa mkopo wenyewe, sembuse maji, stima ya nje, rangi na vitasa vinavyong'oka. Nilikuwa nimefundisha hesabu za darasa la saba kwa miaka mingi, na bado nilizidisha kwa 12 bila kuuliza swali moja.

Ujenzi wenyewe sitaueleza kirefu, kwa kuwa visa vya mafundi havina mwisho na kila mtu ana vyake. Nilianza bila ramani iliyoidhinishwa kwa sababu niliambiwa kwamba karatasi hizo hufuata baadaye, kazi ikasimamishwa kwa wiki saba, mvua ya Aprili ikasomba mchanga, na mifuko 22 ya saruji ikaganda stoo. Mifuko ile imekuwa mawe kamili, na hadi leo tunaitumia kama ngazi ya kupandia kwenye tangi. Fundi niliyempa pesa za awali alihamia kazi nyingine. Ninachomwambia mtu ni kwamba apate ramani na idhini kwanza, amlipe fundi kwa hatua iliyokamilika wala si kwa hatua inayokuja, na achimbe shimo la choo upande wa chini wa kiwanja, mbali kabisa na kisima. Shimo langu lilichimbwa upande wa juu, ikanilazimu kulifukia na kuchimba jingine kwa shilingi 68,000 ambazo hazikuwa kwenye kalenda.

Vyumba vilijaa mwaka wa kwanza, Septemba 2016, na nikaamini kwamba mambo yamenyooka. Wengi wa wapangaji wangu walikuwa wanafunzi wa kujilipia, wale ambao hawakupata nafasi za serikali na ambao wazazi wao walikuwa na uwezo. Walilipa muhula mzima mara moja, wengine wakaleta hata televisheni. Sikujua kwamba kundi lile lilikuwa karibu kutoweka nchini kote. Mwishoni mwa Desemba mwaka huo matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yalitangazwa, baada ya serikali kuibana mianya ya wizi wa mitihani, na waliopata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 88,929 pekee, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa wamezidi 160,000. Mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Idadi ilipokuwa ndogo hivyo, serikali iliweza kumpa nafasi kila aliyefaulu, hata wengine wakapelekwa katika vyuo vya binafsi kwa ufadhili wake, na aliyekuwa akijilipia hakuwa tena na sababu ya kujilipia. Vyuo vikuu vya umma vilikuwa vimezoea kujazia bajeti zao kwa karo ya wanafunzi hao, kwa hiyo pigo lilivifikia vyuo kabla ya kutufikia sisi majirani.

Mimi ni mwalimu, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba kuukomesha wizi wa mitihani lilikuwa jambo la haki. Lakini Septemba 2017 vyumba vyangu vitano kati ya 16 vilibaki vitupu, nami sikuwa na habari ni kwa nini. Nilifikiri majirani wananinyang'anya wapangaji kwa bei. Nilipunguza kodi hadi shilingi 3,000, wao wakapunguza hadi 2,800, tukaumizana bure katika mtaa mmoja kwa jambo ambalo chanzo chake kilikuwa katika chumba cha mitihani. Kama ningesoma gazeti la siku ya matokeo kwa jicho la mwenye nyumba, ningejua miezi tisa kabla. Tangu hapo idadi ya wanaopata C+ ndiyo namba ya kwanza ninayoitafuta kila matokeo yanapotoka. Ya mwaka 2023 ilikuwa 201,133, na mara hiyo nilijua kabla ya mtu yeyote mtaani kwamba vyumba vitahitajika.

Machi 2020 ilipofika nilikuwa nimebakisha miezi michache tu ya mkopo. Tarehe 15 mwezi huo serikali ilitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vyote kwa sababu ya korona, na kufikia mwisho wa wiki hiyo ua wangu ulikuwa kimya. Walienda na mkoba mmoja mmoja, wakiamini watarudi baada ya wiki chache. Vitanda, masufuria na vitabu vikabaki ndani, kwa hiyo vyumba havikuwa na watu na wala sikuweza kuvipangisha upya. Niliuza ng'ombe wawili wa maziwa, nikakodisha robo ekari kwa mlimaji wa mboga, na binti yangu aliye Kisumu akanilipia awamu tatu za mkopo. Jambo hili lilinivunja moyo kuliko yote, kwa sababu nilijenga ili nisimlemee mtoto. Vyuo vilipofunguliwa kikamilifu, vyumba vinne sikuvirudisha kwa wanafunzi. Nimevipangisha kwa wauguzi, walimu wanaoanza kazi na waendesha bodaboda wenye familia changa, watu walio hapa mwaka mzima, hata chuo kikiwa kimefungwa. Namsihi yeyote anayejenga asiweke vyumba vyote katika kapu la wanafunzi. Robo au theluthi ya watu wa kudumu ndiyo hulisha nyumba wakati wa likizo.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloona uzito kulieleza. Oktoba 2023 nilimfungia mwanafunzi mlango kwa kufuli.

Alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza kutoka kaunti ya mbali, anayesomea uuguzi, katika chumba nambari tisa. Alikuwa amelipa kodi ya mwezi mmoja na amana nusu, kisha hakulipa tena. Nilikuwa nimempa wiki mbili, nikamwongezea moja, kisha asubuhi moja akiwa darasani nikatia kufuli langu juu ya lake. Alirudi alasiri. Hakupiga kelele wala hakuniita majina. Alichukua mtungi wa maji mtupu, akaupindua, akaukalia pale barazani mbele ya mlango akiwa na daftari moja mkononi, akasoma mpaka mwanga ukaisha. Nilikuwa nikimtazama kupitia dirisha la jikoni. Saa moja jioni nilimwendea, naye akasimama kwa adabu.

"Mwalimu," aliniambia, "naomba tu unitolee vitabu na koti jeupe. Kesho tunaingia wadi ya kwanza."

Nilifungua kufuli, nikamwambia aingie alale, na usiku ule sikupata usingizi. Baba yangu alikuwa ametoa gunia la mahindi ili mtoto wa mtu asome pale, na mimi bintiye nilikuwa nimemwacha mtoto wa mtu nje kwa sababu ya shilingi 7,000. Baadaye mpwa wangu aliyesomea sheria alinieleza kwamba hata mahakamani ningekuwa na kesi ya kujibu, kwa maana mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mpangaji nje kwa mkono wake mwenyewe bila amri. Lakini si hofu ya mahakama iliyonifanya nibadilike.

Kesho yake jioni nilimkaribisha mezani na kumwomba anieleze fedha zake zinatoka wapi. Alitoa simu, akanionyesha barua, tukasoma pamoja mstari kwa mstari. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kuanzia mwaka ule wanafunzi wapya wa vyuo vikuu walikuwa wameingia katika utaratibu mpya wa ufadhili, ambapo karo inagawanywa kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa familia, kulingana na uwezo wa nyumba anakotoka mwanafunzi. Utaratibu ulipopangwa upya mwaka 2024, makundi yakawa matano: wa kundi la kwanza, walio maskini zaidi, ufadhili unabeba asilimia 70 ya gharama, mkopo asilimia 25 na familia asilimia tano, wa kundi la tano familia inabeba asilimia 40. Mbali na karo kuna mkopo wa kujikimu, kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka kutegemea kundi. Fedha hizo ndizo kodi yangu, ndizo unga wao, ndizo sabuni na karatasi za kuchapishia kazi. Na fedha hizo, katika mwaka ule wa kwanza wa utaratibu, zilikuwa zimechelewa kuwafikia wanafunzi wengi. Msichana yule hakuwa mkaidi. Alikuwa akingojea sawa na mimi, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na kufuli.

Nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwaka 2015. Kodi ya shilingi 3,500 kwa miezi minane ni shilingi 28,000. Mwanafunzi anayepata 60,000 anaimudu na kubakiwa na 32,000 za kula mwaka mzima, ambazo ni chini ya shilingi 150 kwa siku ya masomo. Kwa hiyo chumba chenye bafu ndani cha shilingi 6,500, ambacho kijana wa Nairobi ananiambia ndicho anachotaka kukijenga kwa vyumba vyake vyote 20, mwanafunzi wa aina hii hawezi kukilipa hata akitaka. Vipo vichache vinavyolipika, kwa watoto wa wenye uwezo na kwa wafanyakazi wa chuo, lakini havijazi ploti nzima.

Tangu wakati huo nimeacha kudai kodi kila tarehe tano. Mpangaji mwanafunzi anaandika nami mapatano ya muhula, anaonyesha kundi lake la ufadhili kama yuko tayari kulionyesha, na tunakubaliana tarehe mbili za malipo zinazofuata fedha za kujikimu zinavyoingia, pamoja na kiasi kidogo cha kila mwezi kwa ajili ya maji. Mzazi au mlezi anapigiwa simu siku ya kwanza, mtoto akiwepo, ili nisije nikamjua siku ya ugomvi. Kwa upande wangu nimeweka akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya nyumba, na siigusi kwa harusi wala matanga. Akiba hiyo ndiyo iliyonivusha mwaka 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walipogoma kwa siku 49 wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9, wanafunzi wengi wakarudi makwao. Watu mtaani waliwalaumu wahadhiri. Mimi nilifundisha nikiwa nimeshiriki migomo ya walimu, na sikuweza kuwalaumu kwa kudai walichokwisha kukifanyia kazi.

Yule wa chumba nambari tisa alikaa kwangu. Deni lake alilimaliza vipande vipande, shilingi 500, shilingi 1,000, kila kipande kikija na ujumbe wa asante, nami kila ujumbe ulinichoma.

Kuna mpangaji mwingine ninayepaswa kumtaja, kijana aliyekuwa akisomea usimamizi wa majanga, somo ambalo chuo chetu kinajulikana nalo nchini. Jumapili moja mwaka 2024, siku chache baada ya moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, kuua wanafunzi 21, aliniita chumbani kwake. Chumba ni cha futi kumi kwa 12: kitanda ukutani, meza chini ya dirisha, na pembeni mwa mlango ule mtungi wa gesi wa kilo sita wenye jiko juu yake. Alipitisha mkono kati ya vyuma vya dirisha, vile nilivyoviweka kwa fahari kuzuia wezi, akavitikisa, havikutikisika.

"Mwalimu, moto ukianzia hapa mlangoni, mimi nitatokea wapi?"

Sikuwa na jibu. Vyumba 16, kila kimoja na mlango mmoja, gesi kando ya mlango, na dirisha lililofungwa kwa vyuma vilivyoshikwa na saruji. Nilikuwa nimejenga mitego 16 na kuiita nyumba. Wiki iliyofuata mchomeleaji alikuja akakata nusu ya vyuma vya kila dirisha, akaviwekea bawaba na komeo la kufungulia ndani lisilohitaji ufunguo, shilingi 2,800 kwa chumba, jumla shilingi 44,800. Kijana yule alisimamia kazi yote, akanionyesha pia pa kuweka mitungi nje chini ya kijipaa cha mabati, akanisisitizia kuweka vyuma vya kukinga radi, maana Kakamega ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi nchini na kila mwenye umri wangu amezika mtu kwa sababu hiyo. Hakunidai hata senti. Alisema ndiyo kazi anayosomea.

Siku hiyo niliyaelewa maneno ya baba kwa namna mpya. Kwa miaka mingi nilihesabu faida ya chuo kwa kodi, kama wenye maduka wanavyoihesabu kwa mikate na wa bodaboda kwa abiria, ilhali elimu yenyewe ilikuwa ikilala katika vyumba vyangu na sikuwahi kuiuliza neno. Sasa nauliza. Wa uuguzi wamenifundisha kupima shinikizo langu la damu. Mmoja wa kilimo alipeleka udongo wa bustani yangu kupimwa nikaambiwa una asidi nyingi, nikautia chokaa. Mambo madogo haya huwezi kuyakuta katika takwimu za maendeleo ya chuo kikuu chochote, lakini kwa jirani ndiyo maendeleo anayoyaona.

Na langoni naingia. Nahudhuria maonyesho na mihadhara iliyo wazi kwa wananchi, nasoma matangazo yaliyobandikwa. Vyuo vikuu vya umma huandika mpango mkakati wa miaka mitano, na mpangaji yeyote anaweza kukufungulia kwenye simu. Usiusome wote, mwingi ni maneno mazito. Tafuta kozi zipi zitaongezwa, mabweni yapi yatajengwa, na majengo mapya yataelekea upande gani wa kiwanja, kwa sababu lango jipya linaweza kuifanya ploti ya dakika kumi kuwa ya dakika 30. Tazama pia vyuo jirani. Zamani mtu wa Bungoma, Vihiga au Busia aliyetaka chuo kikuu alikuja Kakamega au alikwenda Maseno au Eldoret. Leo Kibabii kule Bungoma ni chuo kikuu kamili tangu 2015, na Kaimosi kule Vihiga na Alupe kule Busia tangu 2022. Mimi nafurahi kwamba vipo. Lakini ningependa viongozi wetu waache kupima chuo kwa idadi ya majengo yaliyowekewa mawe ya msingi, wapime kwa idadi ya watoto walioingia mwaka wa kwanza na kumaliza wa mwisho bila kulala nje wala kuacha masomo kwa njaa.

Jambo la mwisho nililowaambia wageni wangu ni la miaka iliyo mbele, na hakuna aliyekuwa amelifikiria. Wanafunzi wa mtaala mpya walioingia gredi ya kumi Januari 2026 watafika vyuo vikuu mwaka 2029, na katika mfumo wao wa 2-6-3-3-3, ambamo kila tarakimu ni miaka ya ngazi moja kuanzia chekechea, masomo ya chuo kikuu yamepangiwa miaka mitatu badala ya minne. Anayekopa leo kwa miaka saba atakuwa bado analipa wakati huo, huku mpangaji wake akihama mwaka mmoja mapema.

Kijana wa Nairobi alinyamaza sana niliposema hivyo, kisha akaomba kalamu. Amepunguza vyumba 20 kuwa 12, minne kati yake ya watu wa kudumu, na mkopo ameukata kwa zaidi ya nusu. Mwalimu mwenzangu bado hajaamua. Mkewe anataka wanunue ng'ombe. Jumamosi naenda na kijana na mamake kukitazama kiwanja, nikiwa na kamba ya kupimia, ili tujue kwanza maji ya mvua yanateremkia wapi kabla mtu hajataja shimo la choo.